Uji wa wimbi, wa mahindi, bushera, soya au nafaka za paketi: unywe kipi asubuhi?

Nyumba nyingi za Uganda huanza siku kwa chai, na pembeni ya chai kuna swali la kitu kitakachoshika tumbo mpaka mchana. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na nyama au maharagwe, ni tamu, lakini inataka muda na matoke ya kumenya. Chapati na mayai vinataka mafuta na pesa ya kila siku. Ndiyo maana uji haujaondoka mezani, kuanzia Kabale hadi Arua, na ndiyo maana pia paketi za cornflakes na Weetabix zimefika kwenye rafu za maduka ya miji midogo. Anayeuliza kipi ni bora kwa kawaida anataka jina moja tu. Mimi naona majibu ni kadhaa, na kila moja ni zuri kwa nyumba yake, ukishajua unapima nini.

Vipimo kwanza

Nimeviweka vyote kwenye mizani ya mambo matano. La kwanza ni jiko: kinachukua dakika ngapi, na makaa kiasi gani yanateketea kwenye sigiri. La pili ni mfuko, na hapa ninahesabu gharama ya kikombe kilichokamilika, pamoja na maziwa, sukari na moto, kwa sababu bei ya kilo au ya paketi peke yake hudanganya. La tatu ni mwili: shibe na lishe. La nne ni usalama, yaani mchanga, ukungu, maji na vyombo. La tano ni nani kinamfaa.

Kuna jambo moja linalotangulia yote hayo, nalo ni wingi wa unga ulio kikombeni. Kikombe cha robo lita cha uji mwepesi kina unga wa gramu 25 hivi. Kilichobaki ni maji. Gramu 25 za unga wa nafaka, uwe wa wimbi, mahindi au mtama, hutoa takriban kalori 90. Kijiko kikubwa kimoja cha karanga za kusaga hutoa karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo mabishano ya wimbi na mahindi mara nyingi ni madogo kuliko tofauti iliyopo kati ya uji mtupu na uji uleule uliotiwa karanga au maziwa. Ukisoma yanayofuata, hesabu hiyo ikae karibu.

Uji wa wimbi

Huu ndio uji wa wakubwa, uji wa mzazi aliyetoka kujifungua na wa mgeni wa heshima. Wimbi, ambalo wengine huliita ulezi, ni nafaka ya kwetu hasa: asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na hadi leo Teso, Lango na Acholi ndiko linakolimwa kwa wingi.

Jikoni. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, umimine kwenye maji yanayochemka, usiache mwiko mpaka rangi ya kijivu igeuke kahawia iliyokolea na harufu ya unga mbichi ipotee. Ni dakika 10 hadi 15. Anayependa uchachu huloweka unga kwa maji tangu jioni, akaupika asubuhi. Teso na kaskazini hutia maji ya ukwaju, na msimu wa maembe huja na ladha yake. Kaskazini kuna pia odii, yaani karanga na simsim (ufuta) zilizokaangwa zikasagwa pamoja. Kijiko kimoja kikikorogwa ndani ya uji moto, uji unang'aa juu na kupata uzito ambao sukari haiwezi kuuleta.

Mfukoni. Wimbi ni ghali kuliko mahindi. Ukinywa kikombe kimoja kwa siku tofauti hiyo haikuumizi, lakini familia ya watu wanane itaiona mwisho wa mwezi.

Mwilini. Sifa yake kubwa ni kalisi. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, na hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayoikaribia. Mahindi yana chini ya miligramu 10. Hata hivyo rudi kwenye hesabu ya kikombe: gramu 25 zitakupa miligramu 80 hivi, wakati kikombe cha maziwa kina karibu 300. Wimbi husaidia mifupa, ila halijazi nafasi ya maziwa kwa mtoto anayeweza kuyapata.

Madini ya chuma yamo, lakini mwili huyapata kwa shida kwa sababu nafaka hii ina vitu vinavyoyashikilia. Kuchachusha unga au kutumia kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, ikaanikwa na kusagwa, huyafungua kwa kiasi, na ndimu au kipande cha papai pembeni husaidia. Chai iliyokolea hufanya kinyume. Ukiwa na mama mjamzito nyumbani, mpe uji kwanza, chai ije saa moja baadaye. Halafu kuna wenye ugonjwa wa sukari, ambao huambiwa wanywe wimbi bila mpaka. Unga uliosagwa laini sana na kupikwa vizuri hupandisha sukari ya damu haraka, hata ukiwa wa wimbi. Kikombe kidogo, bila sukari, pamoja na karanga au yai, ndiyo njia ya busara, na daktari wake ajue.

Usalama. Hapa adui ni mchanga. Wimbi hupurwa chini, na vijiwe vyake vinalingana na punje. Unaponunua sokoni, chukua unga kidogo sana, uuweke kati ya meno ya mbele na uume taratibu. Ukisikia mkwaruzo, usiununue, hata kama rangi inapendeza. Angalia na rangi pia: unga mweupe kupita kiasi mara nyingi umechanganywa na muhogo. Si sumu, na Teso wenyewe huchanganya kwa makusudi, lakini muhogo una protini kidogo sana na hupaswi kuulipia bei ya wimbi. Mwenye nafasi anunue punje, azipepete, azioshe kwa maji mengi mpaka mchanga ubaki chini ya beseni, azianike, kisha azipeleke mashineni.

Anayefaa. Mjamzito, anayenyonyesha, mzee, na yeyote anayetaka uji wenye ladha yake hata kabla ya sukari.

Uji wa mahindi

Jikoni. Dakika 15 hadi 20 za moto, zaidi ya wimbi, maana unga wa mahindi usioiva vizuri huuma tumbo na watoto huujua mara moja.

Mfukoni. Hakuna unaoushinda. Kisenyi hapa Kampala mashine zinasaga mchana kutwa, na mahindi yanashuka kutoka Busoga, Masindi na Kapchorwa. Uji huu ndio umebeba shule: tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 1997, suala la chakula limebaki mikononi mwa wazazi, na mahali wazazi walipokubaliana kuchangia, kikombe cha saa nne asubuhi kwa kawaida ni cha mahindi.

Mwilini. Ule mweupe wa namba moja umekobolewa, ngozi na kiini vimeondoka, na pamoja navyo sehemu kubwa ya mafuta, nyuzinyuzi na vitamini. Unatoa nguvu, na nguvu hiyo ni ya kweli, lakini ukiwa peke yake ni mwembamba. Unga usiokobolewa ni bora zaidi mwilini ingawa haukai sana. Mtoto anayekunywa uji mweupe kila siku anastahili maharagwe, karanga au mukene (dagaa) mahali fulani katika siku hiyohiyo.

Usalama. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuanikwa chini hupata ukungu unaoacha sumu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na wakulima wetu walipata hasara. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Mwenye mahindi yake ayaanike juu ya turubali, achambue punje zenye ukungu na zilizobadilika rangi azitupe, na asikubali kuzipeleka mashineni ati zitapotea ndani ya nyingine.

Anayefaa. Nyumba kubwa, shule, na kila aliye na bajeti ndogo lakini ana karanga au maziwa ya kuongeza.

Bushera

Watu wa Ankole na Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hawataelewa kwa nini nimeiweka ya tatu. Bushera ni uji wa kunywa baridi unaochachuka kadiri unavyokaa. Inaweza kuwa ya mtama au ya wimbi, na kinachoipa tabia yake ni kimea.

Jikoni. Kigezi, mtama mwekundu huchanganywa na majivu na kulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, vimizizi vikasuguliwa vikatoka, kisha ukasagwa. Majivu yanapunguza ule ukali unaokausha ulimi. Unga wa uji unapikwa mzito, unaachwa upoe, halafu unga wa kimea unatiwa na kukorogwa. Ndani ya muda mfupi uji uliokuwa umesimamisha mwiko unalegea na kuwa wa kunyweka, na utamu unatokea ingawa hakuna aliyetia sukari. Ukinywewa siku hiyo ni mtamu. Ukikaa siku moja au mbili unachachuka vizuri. Ukizidi siku nne unaelekea kwenye kilevi.

Kwa Waislamu hili ni la kuzingatia. Bushera ya siku ya kwanza na ya pili ndiyo ya kutafuta, na iulizwe siku yake kabla ya kumiminwa. Enturire, ya mtama na asali, ni kinywaji cha kulevya waziwazi, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Kazi yote hiyo hufanywa mara moja kwa siku kadhaa. Asubuhi yenyewe huwashi moto. Kwa anayetoka saa kumi na moja alfajiri kukimbilia teksi, hiyo ni faida kubwa kuliko lishe yoyote.

Mfukoni. Ukitengeneza mwenyewe, ni unga na uvumilivu, na sukari haihitajiki. Ya chupa dukani inabeba gharama ya chupa.

Mwilini. Kuchacha na kuchipua hupunguza vile vitu vinavyozuia madini, na tumbo la wengi huipokea kwa upole. Lakini kuna kitu ninachokithamini zaidi, nacho ni kile kimea kinavyolegeza uji. Maana yake unaweza kutia unga mara mbili na bado mtoto akanywa. Tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi unalijaza maji. Pika uji mzito, uache upoe mpaka uvumilike mdomoni, tia kijiko cha kimea, ungoje ulegee, kisha urudishe motoni uchemke ndipo umpe. Kwa mtoto mdogo anayeanza kula ningechagua kimea cha wimbi badala ya cha mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu yake isipoondolewa vizuri.

Usalama. Kimea hutiwa baada ya moto, kwa hiyo uchafu wowote wa maji, mkono au mtungi unabaki. Uchachu huzuia vijidudu vingi kadiri siku zinavyokwenda, ila hauoshi mtungi. Nunua kwa mtu ambaye umeona vyombo vyake.

Anayefaa. Mfanyakazi wa nje, mkulima anayekaa shambani mpaka saa saba, anayepunguza sukari ya kijiko, na mtu wa magharibi aliyehamia mjini akamiss kwao.

Soya na unga wa mchanganyiko

Jikoni. Kama uji mwingine, ila soya haina haraka. Maharage ya soya yasipokaangwa au kuchemshwa barabara hubaki na vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na mtoto ataharisha. Kaanga mpaka yanukie na ganda lipasuke, ndipo usage. Uji wenyewe uchemke dakika 15 kamili.

Mfukoni. Soya kilo moja ni bei juu kuliko mahindi, lakini unaitumia kidogo: sehemu moja ya soya kwa tatu au nne za mahindi au wimbi. Hiyo ndiyo protini nafuu kuliko zote ninazozijua kwenye kikombe.

Mwilini. Unga wa soya una protini zaidi ya theluthi ya uzito wake, na aina ya protini inayokosekana katika mahindi ndiyo imo ndani ya soya. Viwili hivi vikikutana vinakamilishana. Wanaoongeza unga wa mukene waliokaushwa wanafanya jambo jema pia. Harufu inawashinda wengine, na hapo nusu kijiko inatosha kuanzia.

Ninachoshindwa kukubaliana nacho ni mtindo wa unga wa nafaka kumi. Mama anaambiwa achanganye wimbi, mtama, mchele, ngano, mahindi meupe, mahindi ya njano, soya, karanga, simsim na mbegu za maboga, na analipa bei ya juu akiamini idadi ndiyo lishe. Nafaka tano zilizosagwa pamoja bado ni wanga. Kinachobadilisha kikombe ni ile sehemu ya soya, karanga au samaki, na ikiwa muuzaji ameitia kiganja kimoja kwenye gunia zima, umenunua uji wa kawaida. Zaidi ya hapo, mchanganyiko ukimtia mtoto vipele au kumharisha, hutajua ni kipi kati ya kumi.

Usalama. Karanga na soya zikishasagwa huanza kuoza mafuta yake. Saga kidogo, wiki mbili au tatu, na unga ukinukia kama mafuta ya zamani umwage. Karanga nazo hupata aflatoksini kama mahindi. Zile zilizosinyaa au kuwa chungu zisiingie.

Anayefaa. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, mtoto aliyepungua uzito, na anayepona ugonjwa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usitie asali katika uji wowote.

Nafaka za paketi, na oti

Cornflakes zilitoka Battle Creek, Michigan, mikononi mwa ndugu wawili wa familia ya Kellogg, na mmoja wao, Will, alianzisha kampuni yake mwaka 1906. Weetabix ilianza Uingereza mwaka 1932, na hii tunayoinunua hapa hutengenezwa Kenya. Kuna wazee wanaozidharau kama chakula cha kujionyesha, na kuna vijana wanaouona uji kama umaskini. Wote wawili wanapima kitu kisicho chakula.

Jikoni. Dakika moja, bila moto. Mtoto wa miaka minane anaweza kujihudumia wakati mama anamvisha mdogo. Hili ni jambo zito katika nyumba ambayo wote wanatoka saa kumi na mbili.

Mfukoni. Paketi ni nusu ya gharama. Nusu nyingine ni maziwa. Anayenunua paketi na kuila na maji ya moto na sukari amelipa bei kubwa kwa kikombe chepesi.

Mwilini. Tofauti ndani ya kundi hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Weetabix ni ngano nzima: vipande viwili vina takriban kalori 136, nyuzinyuzi za kutosha, na sukari iko chini ya gramu 5 kwa kila gramu 100. Cornflakes za kawaida zina nyuzinyuzi kidogo na shibe yake ni fupi. Zile za chokoleti na za rangi ziko karibu na peremende. Nyingi zimeongezwa vitamini na madini ya chuma, na hiyo ni faida halisi ambayo uji wa unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna. Geuza paketi, usome mstari wa sukari kwa gramu 100.

Usalama. Hapa paketi inashinda: hakuna mchanga wala mtungi. Angalia tarehe, na maziwa ya kununua kwa lita yachemshwe kwanza.

Anayefaa. Nyumba isiyo na mtu wa kupika asubuhi, mwanafunzi wa hosteli, na safari.

Oti nitazitaja kwa ufupi. Hupikwa kama uji kwa dakika chache, zinashibisha vizuri, na nyuzinyuzi zake zinasaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Nyingi huagizwa kutoka nje na bei yake inaonyesha hivyo. Anayezipenda na kuzimudu hajakosea.

Kwa hali yako

Ikiwa una mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, anza na mahindi au wimbi pamoja na soya au karanga, uji mzito uliolegezwa kwa kimea na kuchemshwa tena. Paketi ziache mpaka akue.

Ikiwa unalisha watu wengi kwa pesa kidogo, mahindi yawe msingi, na pesa uliyookoa ununue karanga. Usiitumie kuongeza sukari.

Ikiwa asubuhi yako haina nafasi, chagua kati ya vitatu: bushera iliyotengenezwa jana au juzi, Weetabix na maziwa, au uji wa wimbi uliopikwa usiku na kuwekwa kwenye thermosi ukiwa bado unachemka. Huo wa thermosi watu wengi hawaufikirii, na ni nafuu pia.

Ikiwa kuna mwenye sukari au presha, tazama kwanza kile unachotia ndani: sukari, chumvi, saizi ya kikombe. Wimbi, oti na Weetabix vyote vinaweza kumfaa kwa kipimo.

Ikiwa ni Ramadhani, yagawe. Wakati wa kufuturu, uji mwepesi wa wimbi wenye ndimu na pilipili manga kidogo huamsha tumbo bila kulishtua. Kwenye daku, fanya mzito, na kijiko cha odii juu yake.

Na ikiwa watoto wako wameona cornflakes kwa jirani na wanazililia, wanunulie za Jumapili, na siku za shule uji ubaki uji, wenye maziwa ndani.